Siku tano na udongo wa Ikombe

Chungu changu cha kwanza kiliishi dakika chache tu. Kilisimama, kikainama upande mmoja, kisha kikaketi chini taratibu mbele ya watu saba, akiwamo binti yangu wa miaka saba. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Bibi aliyekuwa akitufundisha hakucheka. Aliukusanya udongo wote, akaupiga kwa viganja mara mbili tatu ukawa donge, akauweka tena mbele yangu.

"Hujaharibu kitu," alisema. "Kabla ya moto hakuna hasara. Anza tena."

Tulikuwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Nyuma ya nyumba Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mbele ni maji. Katikati kuna kipande chembamba cha ardhi, na juu ya kipande hicho wanawake wamekuwa wakifinyanga vyungu kwa vizazi vingi, huku wanaume wao wakivua samaki. Vyungu vya Wakisi vimesafiri mbali. Ukipita masoko ya Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini utavikuta, na vingine hufika hadi Dar es Salaam.

Nilikuwa nimewaambia watu ofisini kwamba nakwenda kupumzika na mtoto wakati shule zimefungwa. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa na deni kwa vyungu.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu huenda wanakumbuka. Msimu mmoja wa mvua, kipindupindu kilipobisha hodi katika baadhi ya mikoa, niliandika hapa hapa orodha ya mambo ambayo kila familia ilipaswa kufanya. Namba nne ilisema: acheni kuweka maji ya kunywa kwenye mitungi ya udongo, nunueni ndoo ya plastiki yenye kifuniko na koki. Niliandika sentensi hiyo nikiwa nimekaa kwenye kiti, bila kumuuliza mfinyanzi hata mmoja. Wala sikuwa nimewahi kumwona mfinyanzi akiwa kazini.

Kutoka baridi hadi joto

Tulilala Mbeya, na asubuhi tukapanda gari dogo pale Uyole. Barabara ya Tukuyu hupita chini ya Mlima Rungwe, ambao una urefu wa karibu mita 2,960. Huko ni migomba, mashamba ya chai na ukungu. Binti yangu alivaa sweta na kujifunika khanga yangu juu yake. Baada ya Tukuyu barabara ikaanza kushuka, na kila tuliposhuka tulivua kitu. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga na mikakao ya Kyela, sweta lilikuwa ndani ya begi na madirisha yote yamefunguliwa. Tukapita Ipinda, tukafika Matema jioni, jua likiwa linagusa maji.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika karibu mita 700, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda. Pale Matema ufuko ni mchanga mtupu, na mtoto akiuona hutaweza kumzuia kwa maneno.

Hapa kazi yangu ilinifuata likizo. Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa yenye kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hupendelea mahali palipotulia penye majani na matope, na huwa wengi zaidi mchana wa jua kali. Sikumkataza binti yangu maji. Tuliogelea asubuhi mapema, mahali penye mchanga na mawimbi, mbali na matete na mbali na mahali mito inapoingia ziwani. Hiyo hupunguza hatari, haiondoi. Kwa hiyo tuliporudi nyumbani niliweka tarehe kwenye simu: wiki sita hadi nane baadaye, tukapime. Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri, ila mtu lazima ajue kwamba anaihitaji.

Darasa lisilo na meza

Kwenda Ikombe kutoka Matema unaweza kutembea kando ya ziwa au kwenda kwa mtumbwi. Tulichagua mtumbwi, na mwenye mtumbwi alichagua saa. "Asubuhi," alisema, "kabla mwera haujaamka." Mwera ni upepo wa kusini unaovuma ziwani katikati ya mwaka, na ukishaamka mtumbwi hauna mazungumzo nao. Nilipouliza kuhusu jaketi la kuokolea kwa ajili ya mtoto, alikuwa nalo moja tu, kubwa kuliko mtoto. Tulilifunga kwa kanga, tukaenda karibu na ufuko njia nzima.

Bibi mwalimu wetu alitupokea uani kwake. Binti yangu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mjukuu wangu, na tangu hapo mimi nikawa mama wa mjukuu, ambaye kwa sehemu kubwa ya wiki ile alikuwa mwanafunzi wa pili kwa uwezo kati ya wanafunzi wawili.

Hakuna gurudumu la kuzungusha pale. Hakuna meza wala tanuri. Kuna mkeka, ndoo ya maji, kipande cha kibuyu, gunzi la hindi, vikokoto laini vya ziwani, na gae, yaani kitako cha chungu kilichovunjika. Donge la udongo hukaa juu ya gae, na gae ndilo linalozungushwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukifinyanga. Ndivyo mwalimu wetu alivyofanya. Aliutoboa udongo katikati kwa ngumi, akaanza kuvuta kingo kwenda juu, na gae likazunguka kama linajiendesha. Kabla binti yangu hajamaliza kuuliza maswali yake matatu ya kwanza, mbele yetu kulikuwa na chungu.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa imefanyika kabla hatujafika. Udongo huchimbwa, hukaushwa, hupondwa, huondolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa mpaka usiwe na kipovu cha hewa. Tulipewa sehemu ya kukanda. Nilidhani ni kama kukanda unga wa chapati. Baada ya robo saa nilikuwa nahema, na bibi wa watu, ambaye angeweza kunizaa mara mbili, alikuwa anakanda donge lake kubwa huku akipiga soga na jirani kwa Kikisi. Sikuelewa lugha, lakini nilielewa kwamba tulikuwa sisi.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayeanza kuandika, mpe udongo. Kukanda, kubinya na kuviringisha kunaimarisha misuli midogo ya vidole, ile ile inayoshika penseli. Nilijua hilo kwa kulisoma. Pale nililiona kwa macho: kidole gumba cha binti yangu kilichokuwa kikichoka baada ya mistari miwili ya daftari kilibinya udongo asubuhi nzima bila malalamiko.

Katikati ya kukanda akainusa mikono yake, akaniuliza kwa sauti ya juu, "Mama, huu ndio ule anaokula mama mdogo?"

Mdogo wangu ni mjamzito, na kama wajawazito wengi anatafuna udongo wa sokoni. Wanawake pale uani walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mwalimu wetu akamwambia, "Huu ni wa kupikia, mjukuu wangu, si wa kula." Nami nikaongeza yangu: hamu ya kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia mwili usiyapate madini hayo kutoka kwenye chakula. Unaweza pia kubeba mayai ya minyoo na madini hatari kama risasi. Mjamzito mwenye hamu hiyo asione aibu. Aiseme kliniki, apimwe damu.

"Kumbe wewe ni daktari?" mmoja aliuliza.

Nikasema hapana. Sikusema mimi ni nani.

Kusubiri

Siku ya kwanza niliangusha vyungu vitatu. Siku ya pili mwalimu alinishusha darasa. "Wewe tengeneza bakuli," alisema, kama mtu anayemwambia mgeni asibebe mzigo mzito. Binti yangu naye alitengeneza bakuli. Lake lilikuwa nene kitakoni na jembamba mdomoni, lenye alama za vidole pande zote. Langu lilikuwa limepinda. Tuliyaweka kivulini pamoja na vyungu vya mwenyeji wetu, tukaambiwa tusiyaguse.

Udongo hauharakishwi. Ukiuanika juani ukiwa bado mbichi, nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji, nao hupasuka. Lazima ukauke polepole, kivulini, mbali na upepo mkali. Ukishakuwa mgumu kiasi, unaparuzwa kwa kibuyu ili kuta ziwe nyembamba na sawasawa, kisha unasuguliwa kwa kokoto mpaka uso ung'ae. Kusugua ndiko kunakofunga vijitundu vya juu na kukipa chungu mwonekano wake. Hakuna rangi ya dukani wala kioo kinachopakwa juu.

"Mnaondoka lini?" mwalimu alituuliza.

"Jumamosi."

Alihesabu kwa vidole. "Mabakuli madogo yatawahi. Mtungi mkubwa ningewaambia mwache. Mtungi haujui kama mgeni ana gari la kuwahi."

Nilikuwa nimekuja na mtoto ambaye nyumbani, akingoja dakika tano, huomba simu. Hata mimi nikingoja dakika tano huishika simu. Siku ya tatu nilimkuta amechuchumaa kando ya mabakuli, mikono nyuma ili isishawishike, akiyatazama tu. Nilimuuliza anafanya nini. "Naangalia kama yamebadilika rangi," alisema. Nikachuchumaa naye. Yalikuwa yamebadilika.

Namba nne

Jioni ya siku hiyo tulikuwa tunasugua kwa kokoto, kazi inayoacha mdomo huru. Mwalimu akaniuliza kazi yangu Dar es Salaam.

"Mwandishi wa habari," nikasema. "Naandika habari za afya."

"Basi utuandikie na sisi."

Ningeweza kuitikia ndiyo na kuendelea kusugua. Binti yangu alikuwa pembeni, na watoto husikia hata wanapoonekana hawasikilizi. Nikamwambia mwalimu kwamba nilishaandika. Nikamweleza kipindupindu, orodha, na namba nne.

Aliendelea kusugua. Kokoto lilikwenda na kurudi mara nyingi kabla hajasema neno.

"Mitungi uliyoandika wewe," aliuliza hatimaye, "ilikuwa na shingo au haikuwa nayo?"

Sikujua. Sikuwa nimeandika. Katika makala yangu mtungi ulikuwa mtungi tu.

Akaniinua, akanipeleka ndani kwake. Kulikuwa na ndoo ya plastiki ya kuchotea maji. Kulikuwa na chungu kipana cha kupikia maharage. Pembeni, palipo na kivuli, kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa wenye tumbo kubwa na shingo nyembamba. Mkono wangu uliojaribu kuingia ulikwama kwenye vifundo vya vidole. Juu ya shingo palifunikwa.

"Mtu akitaka maji humu anamimina," alisema. "Anayechota kwa kikombe ni yule aliyeweka maji ya kunywa kwenye chungu cha maharage. Huyo hata ukimpa ndoo atatumbukiza mkono."

Mtu ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya maji salama alikuwa amenieleza kwa sentensi mbili kile ambacho wataalamu hukisema kwa kurasa nyingi. Maji yaliyotibiwa huchafuka tena nyumbani hasa kwa sababu ya mikono na vikombe vinavyotumbukizwa. Ndiyo maana chombo salama ni chenye mdomo mwembamba, kifuniko, na ikiwezekana koki. Hakuna mahali panaposema lazima kiwe cha plastiki.

Baadaye nilisoma upya jambo ambalo ningepaswa kulisoma kabla ya kuandika namba nne. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Nyanza, miaka ya 2000 ilipokuwa ikianza, shirika la CARE Kenya na taasisi ya afya ya Marekani, CDC, walikuta familia nyingi zinapenda mitungi kwa sababu inapoza maji. Badala ya kuwaambia watu waitupe, walifanya kazi na wanawake wafinyanzi wa huko. Wakatengeneza mtungi wenye mdomo mwembamba, kifuniko na koki, uliotumika pamoja na dawa ya klorini ya kutibu maji. Familia ikabaki na maji yake ya baridi, na mfinyanzi akabaki na kazi yake.

Kuhusu ubaridi huo hakuna miujiza. Ukuta wa mtungi una vijitundu vidogo mno. Maji kidogo hupenya hadi nje na kugeuka mvuke, na yanapofanya hivyo huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu, kazi huenda haraka. Kwenye unyevu mwingi, kama Dar es Salaam wakati wa masika, mtungi hupoza kidogo tu. Lakini kupoza si kusafisha. Maji ya mtungi lazima yawe yamechemshwa au kutiwa dawa kwanza.

Nilimwomba radhi. Nilisema huenda kuna watu waliacha kununua mitungi kwa sababu yangu.

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Usijipe ukubwa, mwanangu. Ndoo zilianza kuuzwa kabla hujazaliwa. Mimi mwenyewe ninayo, si umeiona? Ni nyepesi na haivunjiki." Akaacha kucheka. "Lakini ulitakiwa kuuliza."

Alinieleza yaliyo mazito zaidi kuliko makala yangu. Kuni sasa zinafuatwa mbali. Vyungu vikubwa wateja wake wanaomba wapunguziwe bei kama vile vimeokotwa. Binti yake yuko Mbeya mjini, anauza nguo, na hana mpango wa kukaa kwenye mkeka huu. Hakumlaumu. "Udongo unauma mgongo," alisema.

Tulipokuwa tukirudi kwenye mkeka binti yangu alinishika mkono. "Mama, kwani ulikosea gazetini?"

"Ndiyo."

"Mwalimu wako alikugombeza?"

"Alinionyesha."

Alifikiri kidogo. "Basi utaandika tena," alisema, akarudi kwenye kokoto lake.

Moto

Ijumaa mchana vyungu vilichomwa. Kwanza vilipashwa joto pembeni ya moto mdogo, ili unyevu wa mwisho utoke. Kisha vilipangwa juu ya kuni, vikafunikwa kwa kuni nyingine na nyasi kavu, mpaka pakawa na kichuguu. Mabakuli yetu mawili yaliwekwa ndani, katikati ya vyungu vya watu wazima. Nyasi zilipowaka tulirudi nyuma hatua kumi, na watoto walizuiwa mbali zaidi.

Moto wa wazi wa namna hiyo haudumu sana, lakini ukali wake hugeuza udongo kuwa kitu kingine. Baada ya hapo hauwezi tena kulainika kwa maji. Kosa ulilolificha ndani, moto utalitoa nje.

Tulisikia mlio mmoja mzito. Baadaye kidogo tukasikia mwingine mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti.

Nyasi zilipokuwa majivu, mwalimu aliondoa vyungu kimoja kimoja kwa mti mrefu. Bakuli langu lilitoka limepinda kama lilivyoingia, jekundu upande mmoja na jeusi upande mwingine, zima. Chungu kimoja kikubwa cha mwalimu kilikuwa kimepasuka kuanzia mdomoni hadi tumboni. Na bakuli la binti yangu lilikuwa vipande vinne.

Midomo yake ilianza kutetemeka. Mimi nilikuwa tayari na uongo wangu: ningesema hili zima ndilo lake, lililovunjika ni la mama. Mabakuli yalikuwa yamebadilika rangi, nani angejua? Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mwalimu aliniwahi. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akaweka vipande vile kwenye kiganja chake. "Ona hapa chini," alisema. "Ulipaacha pakawa nene. Maji yakajificha humo. Moto ulipokuja yakawa mvuke, yakakosa njia, yakajitengenezea njia. Siku nyingine papunguze hapa." Kisha akaelekeza kidole kwenye chungu chake mwenyewe. "Na mimi leo nimevunja. Mimi nimefinyanga tangu nikiwa kama wewe."

Binti yangu alikitazama chungu kikubwa, kisha vipande vyake. Machozi yalitoka, lakini machache.

"Sasa tunavitupa?" aliuliza.

"Nani anatupa gae?" Mwalimu alishangaa kweli. Vipande vidogo, alieleza, huweza kupondwa na kuchanganywa na udongo mpya ili uvumilie moto. Vipande vikubwa huwa magae ya kuzungushia. Lile gae ambalo sisi tulilitumia wiki nzima, alisema, lilikuwa chungu chake kilichovunjika miaka ya nyuma.

Nilimtajia methali tuliyofundishwa shuleni, mfinyanzi hulia gaeni. Shuleni tuliambiwa maana yake ni kwamba fundi hukosa kile anachowatengenezea wengine. Alitikisa kichwa. "Hulia gaeni kwa sababu vizima vimeuzwa," alisema. "Hiyo ni habari njema."

Jumamosi, Lyulilo

Kila Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, kwenye ufuko jirani na Matema. Vyungu hushushwa kutoka kwenye mitumbwi vikiwa vimefungashwa kwa majani makavu, na wachuuzi kutoka mbali huja kununua kwa jumla. Tulimkuta mwalimu wetu amepanga vyake mchangani. Nilinunua mtungi wa shingo nyembamba kwa bei aliyoitaja, bila kuomba kupunguziwa. Nilikuwa nimeshaangusha vyungu vitatu na kujua bei yake halisi.

Nilikwenda na mtungi huo hadi Dar es Salaam nikiwa nimeupakata kama mtoto, na mtoto akiwa amepakata bakuli langu lililopinda. Mfukoni mwake kulikuwa na kipande cha kitako cha bakuli lake. Nilidhani atakipoteza njiani. Sasa kiko juu ya dawati lake, kimebeba kifutio.

Waswahili husema udongo uwahi ungali maji. Sisi wazazi huisema methali hiyo tukiwaelekezea watoto. Ikombe niliisikia ikinielekea mimi. Namba nne naiandika upya hapa chini.

Namba nne, iliyosahihishwa

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Kiwe cha plastiki au cha udongo, mkono na kikombe visiingie: mimina, tumia koki, au kama mdomo ni mpana, tumia kata yenye mpini mrefu inayotundikwa mahali safi. Mtungi uoshwe ndani kila wiki kwa brashi na maji moto, kisha ukaushwe juani. Epuka sabuni yenye harufu, kwa kuwa udongo hunyonya. Mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya maua ibaki na maua.

Ukitaka kwenda na watoto

Fika Matema angalau siku tano kabla ya kuondoka, maana udongo unahitaji siku zake, na moja kati ya siku hizo iwe Jumamosi ya soko. Uliza nyumba ya kulala wageni ikuunganishe na mfinyanzi, na mkubaliane malipo mapema: mnamchukulia siku zake za kazi. Vuka kwa mtumbwi asubuhi, na ubebe jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto wako. Kyela ina joto na mbu, kwa hiyo chandarua ni lazima. Udongo mkavu usifagiliwe watoto wakiwa karibu, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Na mtoto akikucheka chungu chako kikianguka, mwache acheke. Kabla ya moto hakuna hasara.